Shajara ya kisanduku cha roshani

Jumamosi, 11 Januari 2025, Enschede

Leo nimeanza rasmi. Mezani kuna kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4, kijiti cha kupokelea redio kwa kompyuta, RTL-SDR cha toleo la zamani, mita kumi na mbili za waya wa shaba, na daftari la kaunta ambalo bado linanukia duka. Vyote kwa pamoja havikufika yuro 150. Mke wangu ameutazama waya, akaitazama roshani yetu, akasema kamba ya kuanikia nguo isiguswe. Nimekubali kabla sijawasha chochote.

Ninachotaka ni hiki: kisanduku kikae nje usiku na mchana, kisikilize masafa machache ya majeshi, kirekodi kila sauti inapotokea, na kila rekodi iwe na saa ninayoweza kuiapia. Kusikia nasikia tangu utotoni Mombasa, nilipokuwa nikizungusha redio ya babu usiku kutafuta sauti zisizo za watangazaji. Ninachokosa ni ushahidi. Nina madaftari matatu yaliyojaa "nimewasikia Wamarekani jana usiku", na hakuna mhariri atakayeyapokea, hata awe ndugu yangu wa damu.

Masafa ya kuanzia ni rahisi kuchagua. Jeshi la anga la Marekani lina mtandao wa mawimbi mafupi uitwao HFGCS, nao hausakwi kwa tochi: 4724, 8992, 11175 na 15016 kHz, modi ya ukanda wa juu, ambayo kwa bahati mbaya huandikwa USB kama ule waya wa kuchajia simu. Vituo vyake vimetapakaa: Andrews karibu na Washington, Croughton kule Uingereza, kisiwa cha Ascension katika Atlantiki, na Diego Garcia, kama kilomita 3,600 mashariki mwa kwetu, ndani ya bahari ile ile tuliyoogelea. Upande wa Urusi nitachukua 4625, ile mashine ya kunguruma. Hiyo ngoja kwanza.

Hesabu moja imenifurahisha. Kijiti changu humeza upana wa megahezi 2.4 kwa mkupuo mmoja. Kutoka 8992 hadi 11175 ni kilohezi 2183. Nikikiegemeza kwenye 10,080, masafa yote mawili yanaingia, na kati yao, kwenye 9996, kuna RWM, kituo cha saa cha Moscow, ambacho hutoa milio ya sekunde kwa vipindi maalumu na kila nusu saa hutaja jina lake kwa Morse. Yaani saa ya Warusi itapiga mhuri kwenye rekodi za Wamarekani. Nimecheka peke yangu jikoni.

Jumapili, 19 Januari

Wiki nzima sijasikia jeshi lolote. Nimesikia chaja ya simu, taa za jikoni, mashine ya kufulia, na kitu kimoja kinachovuma kuanzia jua linapochomoza hadi linapozama, siku za mawingu kikinyong'onyea. Hicho kimenichukua siku mbili kukitambua. Ni mitambo ya umeme wa jua ya paa la jirani. Haisemi jeshi, inasema jua limetoka.

Nimezunguka nyumba na redio ya mkononi kama mganga anayetafuta hirizi iliyofukiwa, nikiisogeza kwenye kila soketi. Chaja mbili zimetupwa. Waya wa umeme wa kompyuta nimeuvika vikuku vya feraiti vya kumeza kelele, vitano mfululizo. Waya mrefu nimeuondoa kabisa, kwa sababu ulikuwa unakusanya uchafu wa jengo zima, na mahali pake nimeweka antena ya kitanzi yenye kipenyo cha mita moja hivi. Kitanzi kina sifa moja nzuri: ukikigeuza, kuna upande kinakuwa kiziwi. Nimekigeuza mpaka kikawa kiziwi kwa paa la jirani.

Kamba ya nguo haijaguswa.

Jumapili, 2 Februari

Kwa siku tatu nimekuwa na mgeni. Mchana, karibu na 11,185, inakuja sauti safi ya kisomo cha Kurani. Msomaji hodari, tajwidi yake imenyooka, nami nimeshika kalamu najiuliza ni jeshi gani hili linalosoma Surat Maryam saa saba mchana. Kwa dakika kadhaa niliandika nadharia kwenye daftari. Ukurasa huo sitauchana, uendelee kunisuta.

Njia ya kupima ilikuwa karibu mno. Chuo Kikuu cha Twente, hapa hapa Enschede, kina kipokezi cha WebSDR ambacho mtu yeyote duniani anaweza kukisikiliza kupitia intaneti, kuanzia chini kabisa mpaka megahezi 29. Nimefungua 11,185: kimya. Mji mmoja, anga moja, wao hawana kitu na mimi nina sheikh. Basi sheikh yuko ndani ya mtambo wangu.

Jibu liko kwenye hesabu. Kijiti hiki hupiga sampuli milioni 28.8 kwa sekunde, na chochote kilicho juu ya megahezi 14.4 hujikunja kama shuka na kuulalia upande wa chini. Toa 11,185 kwenye 28,800 upate 17,615, katikati ya bendi ya mita 16 ya watangazaji. Msomaji wangu alikuwa kwenye kituo chake cha kawaida, mimi ndiye niliyemkunja. Kosa ni langu, sikuweka kichujio. Nimeagiza kichujio cha kuzuia kila kitu kilicho juu ya 14.

Kuanzia leo shajara ina safu mpya: "Twente wamesikia?" Ndiyo au hapana. Ikiwa hapana, haihesabiki.

Jumamosi, 15 Februari

Kichujio kimefika, sheikh ameondoka, na leo jioni nimepata wa kwanza aliyenyooka.

Nilikuwa nakoroga chai. Spika ilikuwa inapumua ule upepo wa masafa matupu, mara ukasikika mbofyo wa mtu kubonyeza kitufe, kisha sauti ya kijana, haina haraka wala haina shauku, inasoma kama karani anayehesabu magunia ghalani. Anaviita vituo vyote, anajitaja kwa jina la siku hiyo, anasema subirini. Kisha herufi sita. Anazirudia. Anazirudia tena. Kisha anasema ujumbe wafuata, na anashusha herufi na tarakimu moja moja kwa matamshi ya kijeshi: Alfa, Foxtrot, Seven, Kilo, kwa mwendo mmoja usiobadilika, mpaka zinafika 30. Halafu anaanza upya kutoka mwanzo, ili aliyekosa apate. Mwisho anajitaja, anafunga. Dakika mbili na ushei. Upepo ukarudi.

Huu ndio ujumbe wa EAM, yaani amri ya dharura kwa majeshi ya Marekani. Ndani yake humo hutaona sifuri, moja, nane wala tisa: ni herufi zote na tarakimu kuanzia 2 hadi 7. Maana yake haijui mtu asiye na kitabu, na kitabu hakiko kwangu wala hakitakuwa kwangu. Kuna ndugu yake mfupi, anayeanza kwa kumwita Skyking mara mbili na kumkataza asijibu, kisha neno la siri, dakika, na herufi mbili za uthibitisho. Huyo hunisisimua zaidi, sijui kwa nini. Pengine ni lile la kumwita mtu na kumwambia usijibu.

Nilinasa 24 kati ya 30 kwa mkono. Mashine imenasa zote, na nyuma yake, kwenye njia ya pili, RWM inadonoa sekunde. Nimesikiliza rekodi hiyo mara nne. Chai ilipoa.

Jumamosi, 1 Machi

Siku ya sheria, kwa sababu rafiki kanitania kwamba nitafungwa.

Uholanzi haimkatazi mtu kupokea mawimbi yanayopita hewani kwa redio ya kawaida, ila usifanye jitihada maalumu ya kuyafungua yaliyofungwa. Lakini kuna kifungu kingine ambacho wapenzi wengi wa redio hawakitaji: kuyatangaza uliyoyasikia, ukijua hayakukusudiwa wewe, ni kosa. Masikio huru, mdomo si huru. Uingereza ni kali zaidi, sheria yao ya redio ya 2006 inakataza hata kuyasikiliza kwa makusudi mawasiliano yasiyokuhusu bila idhini. Nyumbani Kenya sithubutu kukiwasha kisanduku hiki, na nimekwisha kumwambia binamu yangu aliyetaka nimtumie cha kwake: akae na mpira.

Kwa mwandishi, kifungu hicho cha mdomo si mzaha, na sidhani kwamba neno "habari" linakifuta. Nimekaa nacho asubuhi nzima nikikumbuka mfano mmoja. Machi 2011, vita vya Libya vilipoanza, mpenzi mmoja wa redio hapa Uholanzi alinasa kwenye 6877 kHz ndege ya Marekani ikiziambia meli za Libya, kwa Kiarabu, Kifaransa na Kiingereza, zisitoke bandarini la sivyo zitashambuliwa. Aliiweka rekodi hadharani ikiwa na masafa na saa, na vyombo vya habari vikaichukua. Ile ilikuwa sauti iliyorushwa ili isikike na kila nahodha. Kuitoa hakukumwanika askari yeyote.

Basi mpaka wangu ni huo. Kilichorushwa kwa kila mtu nitakitaja. Kuwapo kwa mawimbi, wingi wake na aina yake nitavitaja baada ya siku kupita. Sauti ya askari anayeomba msaada, jina lake, mahali alipo, havitoki kwenye kisanduku hiki hata mhariri apige magoti.

Jumatano, 12 Machi

Kadi ya kumbukumbu imejaa. Nilisahau kuandika amri ya kufuta rekodi zenye upepo mtupu. Gigabaiti 64 za upepo.

Alhamisi, 27 Machi

Mhariri kapiga simu asubuhi. Dunia inazungumzia ndege za mabomu za Marekani, B-2, zilizoelekea Diego Garcia, na Yemen inapigwa tangu katikati ya mwezi. "Kaka, wewe si una ile mitambo? Bahari yetu hiyo. Redio zilionesha chochote kabla?"

Nikamwambia dada, nipe siku mbili.

Kadi ilikuwa imejaa tena juzi Jumanne, mashine ikawa imelala, lakini kwa bahati tetesi zilipoanza kuvuma nilikaa mwenyewe mbele ya spika usiku ule, daftari mkononi, simu ikirekodi pembeni. Nimeyaingiza maandishi ya mkono kwenye jedwali leo mchana na kuchora picha ya wiki nzima. Na picha inasema kitu: alfajiri ya tarehe 25 kuna kichuguu cha ujumbe, saa nyingi kabla habari hazijafika popote. Nimeitazama picha hiyo moyo ukinidunda. Nimeandika aya tatu. Sijazituma.

Jumapili, 30 Machi

Sijazituma, na Mungu ashukuriwe kwa mabadiliko ya saa ya Ulaya.

Usiku wa kuamkia leo saa zilisogezwa mbele, kutoka nane kwenda tisa za usiku. Asubuhi nikakuta jedwali lina shimo la saa nzima, kwa sababu mimi mjanja nilikiweka kisanduku kwenye saa za hapa badala ya saa za dunia. Nilipokuwa naziba shimo hilo nikaona nipitie saa zote, moja baada ya nyingine, nikizilinganisha na mafaili yenyewe.

Faili la simu la Jumanne linasema 21:12. Jedwali linasema 03:12.

Nilikaa kitako sakafuni. Kwenye daftari nimeandika kwa lugha ninayofikiria: saa tatu na dakika kumi na mbili, usiku. Nilipoingiza kwenye jedwali, mkono ukaandika 3. Mashine haijui kwamba saa tatu ya usiku ya Mswahili ni saa ishirini na moja ya wengine. Ikauchukua usiku wangu wote wa Jumanne, kuanzia saa tatu hadi saa sita, ikaurudisha nyuma saa kumi na nane, ikaupanda kwenye alfajiri ya siku ile ile. Niliyoyasikia baada ya tetesi yakawa yamesikika kabla yake. Kichuguu hakikuwahi kuwapo.

Na hata hapo pangenyooka, kuna kosa la pili lililojificha chini ya la kwanza, nalo ni baya zaidi kwa sababu halina uhusiano na saa. Usiku ule nilisikia ujumbe mwingi kwa kuwa nilikaa saa tatu nikisikiliza kwa makini, antena nimeigeuza vizuri, simu za watu nimezizima. Usiku mwingine mashine husikiliza peke yake na kukosa zile dhaifu. Nilichopima ni hamu yangu mwenyewe.

Nimempigia mhariri, nikamwambia hakuna kitu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Sawa kaka. Hakuna kitu na wewe huna kitu ni tofauti, ujue." Nimeliandika hilo kwenye jalada la daftari.

Kazi iliyofanyika leo: kisanduku kimewekwa UTC, yaani saa za dunia. Kila kurasa ya daftari imepigwa mstari mwekundu wenye herufi Z juu, alama ya saa hizo. Maandishi ya mkono ya zamani, yote, yamepewa rangi ya manjano kwenye jedwali: hayahesabiki mpaka yapate faili la kuyashuhudia.

Jumapili, 6 Aprili

Idi ilipita wakati wa mkasa wa saa, sikuwapigia wazee. Leo nimempigia mjomba, Mombasa. Miaka yake ya kazi aliimalizia chumba cha redio melini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Wewe umeadimika. Wasikiza nini huko siku hizi?"

Nikamweleza yote, na saa kumi na nane zilizopotea. Akacheka mpaka akakohoa. "Mpwa wangu, chumba cha redio hakina saa za Kiswahili. Sisi ilikuwa GMT, basi. Ukutani mna saa, ina vipande vyekundu viwili, robo na dakika tatu, kasorobo na dakika tatu. Mkono ukiingia kwenye chekundu, wanyamaza. Meli zote, bahari zote. Wasikiza tu kama kuna anayezama."

Vile vipande vyekundu ndivyo muda wa ukimya kwenye 500 kHz, masafa ya meli ya kuombea msaada: dakika ya 15 hadi 18, na ya 45 hadi 48, kila saa. Mfumo huo ulistaafishwa Februari 1999, na mjomba naye hakukawia. Nilipomuuliza kama walikuwa wakiyasikia majeshi, akasema walikuwa wakiyasikia kila siku na kuyaandika hawakuandika, kwa sababu kitabu cha redio ni cha meli.

Kisha akaniuliza kama najua kilichofanyika Allidina Visram wakati wa vita vya Hitler. Shule nimepita mlangoni pake nusu ya maisha yangu. Sikujua.

Nimesoma jioni yote. Aprili 1942 Wajapani walipoipiga Colombo, Waingereza waliihamishia Kilindini ofisi yao ya kunasa na kufumbua redio za Wajapani, na wakaiweka ndani ya shule hiyo. Usikivu ulikuwa mbovu, mawimbi yaliwafikia yamechoka, nami sasa nawaelewa kabisa. Lakini Septemba ile mtuma-ujumbe mmoja wa Kijapani alisahau kuandika mahali meli ilipo, akautuma upya ujumbe ule ule, umefungwa kwa ufunguo ule ule. Brian Townend na John MacInnes wakauweka wa kwanza juu ya wa pili, na mpaka Novemba msimbo wa JN-40 wa meli za mizigo za Japani ulikuwa unasomeka. Mwaka uliofuata wakarudi Colombo.

Huko Uingereza nako walikuwapo watu kama mimi. Idara iliyoitwa Radio Security Service iliwachukua wapenzi wa redio wapatao 1,500, kila mtu chumbani kwake, wakinasa Morse dhaifu za Kijerumani na kutuma karatasi zao za kumbukumbu Barnet kwa posta. Wengi hawakuambiwa wanasikiliza nini. Waliandika masafa, saa, na walichosikia, basi. Nimelitazama jedwali langu lenye rangi ya manjano, nikaona haya kidogo.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimeongeza safu za ushahidi, kwa kuiga watu walioifanya kazi hii chini ya moto. Machi 2022 gazeti la New York Times lilitoa uchunguzi wa redio za askari wa Urusi waliokuwa wakizungumza bila kufungwa msimbo karibu na Makariv, magharibi ya Kyiv. Rekodi zilikuwa zimenaswa na wapenzi wa redio. Kilichonivutia si yale malalamiko ya mafuta kuisha na ndege za msaada kutoonekana. Ni jinsi walivyokataa kuziamini rekodi mpaka zikubaliane na kitu kisicho redio: video iliyopigwa barabara ile ile, picha za setilaiti, habari za siku ile.

Basi kila tukio kwangu sasa lina: faili ghafi, alama ya RWM inayosikika au la, Twente ndiyo au hapana, na kitu kimoja kisicho redio. Safu ya mwisho karibu yote ni tupu. Iko hivyo.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimechukua kijiti cha pili, nikakiweka kwenye 4625.

Kwa asiyeijua: ni mlio mmoja, kama honi ya lori lenye kikohozi, karibu mara 25 kwa dakika, usiku na mchana, tangu enzi ya Usovieti. Warusi huiita Zhuzhzhalka. Wengine wanaijua kwa jina la UVB-76, ambalo wasikilizaji walidhani wamelisikia likitajwa hewani na sauti ya binadamu usiku wa 24 Desemba 1997. Mwaka 2010 ilianza kujiita MDZhB. Mara moja moja mlio hukatika, mtu husoma jina, tarakimu tano, neno moja la Kirusi lisilo na mbele wala nyuma, tarakimu nane, na mlio hurudi. Januari 2022 maharamia wa hewani waliipigia Gangnam Style juu yake.

Mtandaoni wanaipamba kwa hadithi za kiyama, kwamba siku ikinyamaza makombora yataruka. Imenyamaza mara nyingi, na mimi nimeamka nikaenda kazini. Wasikilizaji wazoefu wanaiona ni alama ya kushikilia masafa kwenye mtandao wa amri wa jeshi, kama mtu anayeweka kofia kwenye kiti cha daladala. Hilo linanitosha.

Nilijaribu kuipima mahali ilipo kwa vipokezi vya KiwiSDR, ambavyo hushika saa ya GPS na kulinganisha ni nani aliyefikiwa na wimbi mapema kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Vipokezi vinne, mara sita. Wingu jekundu la makisio likatanda magharibi mwa Urusi, mara moja nene, mara nyingine limechanika. Ninaweza kusema "magharibi mwa Urusi". Jina la kijiji siwezi, ingawa wapo wanaolitaja.

Mwanangu wa miaka saba ameusikiliza mlio dakika moja nzima, akasema ni ng'ombe.

Jumapili, 11 Mei

Hali ya kisanduku baada ya miezi minne: kinafanya kazi. Mvua kimeivumilia tangu nilipokihamishia ndani ya chombo cha plastiki cha kuwekea wali. Kadi inajisafisha yenyewe kila usiku. Matukio ya HFGCS yaliyo na faili, RWM na Twente kwa pamoja ni 71. Yaliyo na kitu kisicho redio ni mawili, na yote mawili ni ya kawaida mno.

Mhariri aliomba kipande cha redio cha dakika tano. Nimempa cha kinachosikika na kisichosikika, pamoja na mkasa wa saa tatu ya usiku, ambao yeye ameusogeza uwe mwanzo kabisa wa kipindi. Nilibisha. Akasema, "Kaka, wasikilizaji wetu wote wana saa hiyo hiyo." Ameikata aya yangu ya Zhuzhzhalka. Mjomba atakisikia kipindi Alhamisi. Nimemtumia saa ya kukisikiliza kwa GMT, naye amenijibu kwa kidole gumba.

Kilichobaki: kukifanya kijiti cha pili kirekodi na 4724 wakati wa usiku, maana 11175 hufifia jua likishazama. Kikuku kimoja cha feraiti kwenye waya wa antena. Kamba mpya ya nguo, kwa sababu ya zamani nimeigusa.

2004Z, 8992. Saa nne na dakika nne usiku hapa, saa tano na dakika nne Mombasa. Sauti ya mwanamke, tulivu, upepo kidogo. Ujumbe wa herufi 30, umesomwa mara mbili. RWM ndiyo. Twente ndiyo. Kwa mkono nimepata 27.